Tupeane uzoefu: kofia ya rubani, ivaliwe au iachwe?

Dereva wa Magongo (mleta mada)

Assalam aleikum wana Mombasa, na hamjambo nyote. Mimi ni dereva wa teksi, mwaka wa 14 huu napeleka na kurudisha abiria uwanja wa ndege wa Moi. Jumanne iliyopita nilisimama mlango wa wanaowasili nikimngoja mteja. Akatoka bibi mmoja mtu mzima na buibui lake, mabegi matatu. Nyuma yake vijana wawili, shati jeupe, suruali nyeusi, vitambaa vya mabegani vyenye mistari, vichwa wazi. Bibi akawageukia: "Wanangu, hebu nibebeeni mzigo huu mpaka garini." Wakambebea, tena kwa adabu. Mjukuu wake ndiye aliyemwambia, "Nyanya, hao ndio waliokurusha kutoka Nairobi." Bibi alishika mdomo. Aliona haya mpaka machozi yakamlenga.

Bibi hana kosa. Mabawabu wa majumba ya Nyali nao huvaa shati jeupe lenye vitambaa vya mabegani. Mistari minne ya kapteni na mitatu ya msaidizi wake, nani aihesabuye mlangoni na mizigo mkononi? Kofia ndiyo iliyokuwa ikisema huyu ni nani. Kwangu mimi, rubani avae kofia. Nyinyi mna visa gani? Wafanyakazi wa uwanjani, jamaa za marubani, abiria, karibuni.

Mpakizi wa Port Reitz

Kaka dereva, bibi nimemuonea huruma, lakini kofia ile mimi naiogopa na nitakwambia kwa nini.

Nilipakia mizigo kwenye eproni, pale ndege zinapoegeshwa, miaka 9. Upepo wa kusi pale hauna mchezo, mwezi wa sita na wa saba unakaribia kukuvua kizibao mwilini. Siku moja rubani alishuka kukagua ndege yake kwa nje, kama wafanyavyo kabla ya safari: atazame matairi, mabawa, achungulie injini. Alipoinama penye gurudumu la mbele, upepo ukampokonya kofia. Ikaangukia ukingo, ikabiringika kama sahani kuelekea ndege ya jirani, ambayo ilikuwa imeshawasha injini moja. Mimi nilikuwa karibu nayo, hatua tano hivi. Mguu uliinuka wenyewe kuifuata. Msimamizi akanipigia ukelele nikaganda palepale. Injini ile huvuta hewa kwa mbele, haichagui kofia wala mtu.

Mwongozaji ndege akapitisha mkono shingoni kama anayekata, na injini ikazimwa. Kofia tuliikuta imenasa chini ya mkokoteni wa mizigo, ule utepe wa dhahabu umechubuka upande mmoja. Rubani aliipokea kwa mikono miwili, hakusema neno, uso umemshuka. Eproni haitaki kitu kilicholegea, iwe karatasi, iwe skrubu. Kikiingia, mapanga ya injini yanaharibika. Baada ya hapo marubani wale nikawaona wakikagua ndege vichwa wazi, na mimi nikalala vizuri.

Msafiri wa Bamburi

Mimi niulizeni kama rubani amelala usingizi wa kutosha. Kofia sijawahi kuiwaza.

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Wanangu, kofia hiyo ni ya baharini, na neno rubani ni la baharini pia. Kabla ya ndege kujulikana, rubani alikuwa ni mwenye kuongoza chombo majini. Hapa Kilindini mpaka leo yuko rubani anayetoka kwenda kupokea meli na kuiingiza bandarini.

Pan American ya Marekani, ilipokuwa ikirusha ndege za kutua majini miaka ya 1930, iliwavisha marubani mavazi ya maofisa wa meli: koti la rangi nzito, kofia nyeupe ya ukingo. Abiria waliozoea meli wakaona sura waliyoijua, wakatulia. Nasi tuliziona ndege za namna hiyo. Mwaka wa 1937 Imperial Airways ya Uingereza ilikuwa ikitoka Southampton mpaka Durban, ikipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Marehemu babangu alikuwa mtoto, alitusimulia alivyokimbia pwani kutazama chombo chenye mabawa kikitua majini.

Lakini mtazameni rubani wa Kilindini wa leo. Boti inapanda na kushuka, meli iko mwendoni, ngazi ya kamba imening'inia ubavuni. Yeye amevaa helmeti na jaketi la kuokolea. Sijaona nahodha aliyemkataa kwa kukosa kofia ya ukingo.

Mama wa Kisauni

Binti yangu ni rubani msaidizi na huvaa mtandio. Kofia aliyopewa ilipimwa kichwa kitupu. Juu ya mtandio ilimbana mpaka paji la uso likawa na alama, kichwa kikimuuma kabla hata hajafika uwanjani. Tulizunguka Biashara Street mpaka tukampata mzee mmoja anayeshona kofia za viua. Aliigeuza, akafumua ule ukanda wa ngozi wa ndani polepole, akaweka kitambaa chembamba na kuirudishia. Akamvalisha, akatikisa kichwa, akaifumua tena. Mara ya pili ikakaa.

Humo ndani ya kokpiti, chumba cha marubani, wala haivaliwi, maana hedfoni haikai juu yake, inatundikwa. Ni ya njiani tu. Na kwa joto letu hili, kifuniko cheupe hakipiti wiki bila kuingia manjano ya jasho. Nakifua mimi kwa mkono, sabuni na buluu kidogo, nakianika kivulini.

Mtasema ni pambo. Mwanangu akitembea bila kofia, watu humwita mhudumu na kumuagiza maji. Akiivaa, hawamwagizi. Irene Koki Mutungi alipokuwa kapteni wa ndege ya Boeing 787 Dreamliner mwaka wa 2014, mwanamke wa kwanza Afrika, binti yangu alikata picha yake gazetini, na kwenye picha ile alichonionyesha kwanza ni ile mistari minne. Msimvue mtoto wangu kofia mpaka watu wajifunze kuitazama mistari.

Dereva wa Magongo

Mama, hilo la kuagizwa maji sikulijua, na limeniuma. Mpakizi, nawe umenitisha. Basi nasema hivi: ndani ya jengo na njiani avae, akishuka kukagua aiache juu ya kiti.

Kesho saa kumi na moja alfajiri nawachukua marubani wawili hotelini Nyali. Mmoja kofia yake husafiri kwenye mfuko wa plastiki, kiti cha nyuma, na huniomba nisiifungulie dirisha upande huo. Nitamuuliza. Mwenye kisa kingine alete.