Tupeane uzoefu: ulikutana wapi na mtu maarufu bila kutegemea, hapa kwetu Kanda ya Ziwa?

Mwana Igogo
Wakuu habari za jioni. Jana nimemwona mchekeshaji mmoja mkubwa wa kwenye TV pale Mwaloni Kirumba, kavaa ndala na kofia imefunika macho, anabishana bei ya dagaa na mama mmoja. Mama hana habari naye kabisa, anamwambia kaka kama hununui pisha wengine. Wabeba mizigo ndo wakaanza kunong'onezana, mara watu wamejaa, jamaa kafunga mfuko wake kapanda bajaji kaondoka hata chenji hajasubiri. Nikajiuliza wangapi tumeshawahi kupishana na watu wa hivi sokoni, stendi, kwenye meli. Leteni visa vyenu, ila tusitunge.

Mzee wa Mabatini
Vijana mnawaona kwa bahati, sisi tulikaa nao mtaani. Pamba ile iliyobeba ubingwa 1990, beki wao mmoja alikuwa ananyoa kinyozi kimoja na mimi. Anakuja anakaa kwenye benchi anasubiri zamu kama wewe, na ole wako umwambie apite mbele, anakataa. Sisi watoto tunachungulia dirishani mpaka kinyozi anatufukuza. Jumapili yule yule unamwona Kirumba uwanja mzima unamshangilia. Waliporudi ligi kuu msimu wa 2024/25, baada ya zaidi ya miaka 20, mimi nilitoa machozi, siwafichi.

Nyamagana Juu
TP Lindanda hiyo mzee, ndo jina la utani la Pamba. Umesema kweli tupu.

Dada wa Sengerema
Mmenikumbusha mbali, ngoja niandike maana mpaka leo nikipita Kigongo moyo unanidunda. Ni kabla ya daraja la Kigongo-Busisi, enzi za feri. Dada yangu alishikwa uchungu, kituo cha afya cha kule kwetu wakasema mtoto kakaa vibaya mkimbizeni Bugando, gari la wagonjwa hakuna, tukakodi Probox. Tunafika Busisi giza linaanza, foleni ya malori na mabasi imeenda mpaka kule kwa wauza samaki, na feri ndo kwanza iko ng'ambo. Waliokuwa wanapita pale wanaelewa, ukiikosa moja unaweza kukaa masaa. Dada analia, anaita jina la marehemu mama, dereva wetu kashuka anaongea na watu wa mbele, hakuna anayemwelewa kila mtu ana haraka yake.

Mbele kulikuwa na Land Cruiser mbili, katoka kijana kaja dirishani kwetu kauliza kuna nini. Nilivyomwona nilijua naota, huyo mtu nyimbo zake zilikuwa zinapigwa kila daladala ya Mwanza. Sikumsalimia hata, nilisema tu dada anakufa. Yule kaka akageuka akaanza kuongea na madereva mmoja mmoja, anawabembeleza, gari yetu ikapita mpaka mbele kabisa na ya kwake ikabaki nyuma. Halafu kapanda basi la kwanza, kashuka, kapanda la pili, anauliza jamani kuna nesi humu? Kuna mkunga? Sauti ile ile inayojulikana nchi nzima. Watu wanacheka wanadhani ni video, mpaka mama mmoja mtu mzima akanyanyuka, mkunga mstaafu, Mungu amzidishie.

Feri imefika katikati ya maji mtoto akatoka, miguu imetangulia. Akina mama wauza mahindi walizungushia gari kanga zao. Mwanga hakuna. Yule kaka alisimama ametupa mgongo anaangalia ziwani, mkono kaupitisha juu ya bega kashika tochi ya simu, na mkono ulikuwa unatetemeka mpaka mwanga unacheza kwenye kanga. Mtoto hakulia. Mkunga anampiga nyayo, anamgeuza, anampiga tena, feri nzima kimya unasikia injini tu. Alipolia, watu walipiga makofi mpaka mabaharia wakashuka kuangalia. Kaka wa watu alikuwa kachuchumaa kwenye bomba la pembeni analia kuliko sisi.

Gari yake ilivuka na feri nyingine, yeye akaja na sisi mpaka hospitali. Jina simtaji, alituomba isiwe habari.

Konda Mstaafu
Dada taja jina bwana, jambo jema halifichwi.

Bi Mkubwa Buzuruga
Nimeshindwa kuendelea kupika. Mungu ni mwema.

Mtu wa Misungwi
Samahani dada, mimi nimekulia Kigongo, mgonjwa alikuwa anapitishwa mbele siku zote. Hapo pa kuzuiwa kwenye foleni sipaamini.

Konda Mstaafu
Anayepitishwa ni wa gari la wagonjwa lenye king'ora, mkuu. Probox nani anajua ndani kuna nani? Nimepiga ruti ya Geita miaka, nimeona watu wakijidai wanauguza kumbe wanawahi harusi. Ndo maana watu walikuwa wagumu.

Mtu wa Misungwi
Sijasema anadanganya, nasema watu wa pale hawakuwa na roho hiyo.

Dada wa Sengerema
Hakuna niliyemlaumu kaka yangu. Walipojua walisogeza magari wote.

Mama wa Musoma
Rudini kwenye mada. Sisi wa Butiama mtu maarufu wetu alikuwa jirani. Mwalimu alipong'atuka urais 1985 alirudi nyumbani, mama yangu anasimulia ukienda Misa unamkuta kakaa, mkitoka anawajulia hali wazee kwa Kizanaki, mambo ya shamba na mvua. Wageni ndo walikuwa wanashangaa.

Rock City Damu
Na rapa Fid Q tumweke wapi? Huyo kukutana naye Mwanza hakuhesabiki, ni mtoto wa nyumbani.

Nyamagana Juu
Hakuhesabiki vipi? Mimi ningekutana naye Makoroboi ningehesabu mara mbili.

Mwana Igogo
Sasa tupeane na ushauri, ukimkuta ufanye nini? Mimi jana nilikodoa macho tu.

Bi Mkubwa Buzuruga
Msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote, shikamoo kama mkubwa, mambo kama rika lako, kisha endelea na safari. Naye ana njaa, ana mgonjwa nyumbani, kaja kununua dagaa. Picha bila ruhusa ni kumvunjia heshima.

Konda Mstaafu
Mama hapana, picha lazima, bila picha nani atakuamini? Piga kwanza uombe baadaye.

Mzee wa Mabatini
Mnunulie soda. Hawa watu wanaombwa kila siku, hakuna anayewapa.

Rock City Damu
Mimi naomba nauli, liwalo na liwe.

Mtu wa Misungwi
Dada wa Sengerema, tuyaache ya foleni. Mtoto anaendeleaje?

Dada wa Sengerema
Mzima kabisa, anasoma, miguu ile iliyotangulia ndo anachezea mpira mpaka jioni. Jina lake silisemi, mtamjua mwenye jina.

Konda Mstaafu
Herufi ya kwanza tu dada yangu.