Wauza Prado, acheni kutudanganya na "hii iko juu": TX, TXL, TZ-G, difu iko palepale!

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na atakayeniambia nipunguze jazba apite tu. Nimechoka na wauza magari wa yadi wanaopanga Toyota Prado 150 mstari mmoja, matoleo yake ya TX, TXL na TZ-G, halafu wanakupangia bei kwa "kimo". TX wanasema iko chini. TXL iko juu kidogo. TZ-G ndiyo baba lao, "bosi, hii imenyanyuka, unapita popote, masika kwako ni hadithi". Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na kijana mmoja wa yadi, tena kwa kujiamini, huku anapiga mguu tairi la nyuma. Bei ikapanda kwa mamilioni ambayo sitayataja hapa maana mke wangu naye anasoma huku.

Tuanze na karatasi. Katalogi ya Japani ya Prado 150 inaandika uwazi wa chini (nafasi kati ya ardhi na sehemu ya gari iliyo chini kabisa) milimita 220. TX 220. TZ-G 220. Namba ni ile ile. Huyo kijana alisoma wapi kuhusu hiyo tofauti? Na TXL ndiyo inayonichekesha zaidi, kwa sababu hiyo L inakuja na viti vya ngozi na mapambo ya ndani. Springi ni zile zile za TX. Yaani mtu anakuuzia ngozi ya kukalia kwa hoja kwamba itakuvusha kwenye matope.

Halafu hoja ya rimu. "TZ-G ina rimu 18, TX ina 17, kwa hiyo lazima iwe juu." Jamani, hesabu hii ni ya shule ya msingi. TX inatoka na tairi 265/65R17 (265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha mpira wa pembeni kwa asilimia ya upana huo, 17 ni rimu kwa inchi). TZ-G za miaka ya mwanzo zinatoka na 265/60R18. Rimu imekua lakini mpira wa pembeni umepungua. Chukua 265 zidisha kwa 0.65, zidisha mbili, jumlisha inchi 17 ulizozigeuza milimita: unapata 776. Fanya hivyo hivyo kwa ile nyingine: 775. Hiyo rimu kubwa iko chini kwa milimita moja, na ukigawa kwa mbili kupata kimo cha ekseli inabaki nusu milimita. Tairi jipya likishaanza kuelekea kipara unapoteza karibu milimita saba za kimo. Kwa hiyo TX yenye tairi mpya inaipita TZ-G yenye tairi kuukuu, na hakuna mwuza gari atakayekwambia hilo.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. TZ-G ina saspensheni ya upepo nyuma. Badala ya springi za chuma kuna maputo ya mpira yanayojazwa hewa na kompresa, kuna sensa zinazosoma kimo cha nyuma, na kuna kitufe karibu na gia chenye HI (juu), N (kawaida) na LO (chini). Ukibonyeza HI makalio yanapanda, unayaona kabisa. Yadi wanapenda sana onyesho hilo. Wanabonyeza, gari inajinyanyua, mteja anatabasamu, biashara imeisha.

Basi nikainunua, nikaenda nayo Ifakara kuelekea Mlimba, huko Morogoro. Wanaoijua njia ile masika wanajua ninachosema: udongo mweusi, malori ya mpunga yamepita mpaka yamechimba mifereji miwili, na katikati umebaki mgongo wa udongo mgumu. Nyuma yangu alikuwa jamaa yangu na TX ya petroli 2.7, gari ya kawaida kabisa, springi za chuma. Mimi nimeweka HI, nimejiona mfalme. Kwenye mgongo ule nikasikia krrrr chini ya siti za nyuma. Nikajipa moyo kwamba TX itakwama pale pale. Ikapita, nayo ikasugua krrrr, sehemu ile ile, sauti ile ile. Tulipofika pakavu tukainama na tochi. Difu yake (lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma) imepakwa udongo hadi kwenye mshono. Difu yangu imepakwa udongo hadi kwenye mshono. Tofauti pekee ilikuwa bampa: lake la nyuma limebeba tope, langu safi.

Na hapo ndipo penye siri yote. Ekseli ya nyuma ya Prado ni ya kipande kimoja, difu imo katikati yake, na ekseli yenyewe imebebwa na matairi. Springi inakaa juu ya ekseli, iwe ya chuma, iwe ya upepo, iwe ya dhahabu. Ukiipandisha, kinachopanda ni bodi na chasisi. Difu inabaki pale ilipoachwa na tairi. Kwa hiyo HI inakusaidia bampa lisiguse unapotoka kwenye korongo, na tumbo linapata nafuu kidogo upande wa nyuma. Kwa mgongo wa katikati ya njia haikusaidii kitu. Tena kwa kuwa mbele haipandi (mbele TZ-G nayo ni springi za chuma kama ndugu zake), gari inainamisha pua. Ukikutana na kingo mbele yako, uko pabaya kidogo kuliko ulivyokuwa kwenye N. Hayo mambo ya kuinamisha pua hayamo kwenye onyesho la yadi.

Mbele ni habari nyingine. Difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, magurudumu yananing'inia kila moja peke yake, kwa hiyo ukiinua mbele kwa springi difu nayo inapanda. Ndiyo maana gari ile ile inaweza "kuinuliwa" ikawa juu mbele na isiwe juu nyuma, na mtu akapima sehemu moja akaja kubishana na aliyepima nyingine, wote wakiwa na tepu mkononi.

Sasa kichekesho kilichofuata. Yale maputo ni mpira, na mpira unazeeka. Gari imetumika Japani miaka mingi, ikapigwa jua bandarini, ikaja kwetu kwenye rasta na matuta yasiyo na rangi. Yanapasuka mikunjo na kuvuja taratibu. Yangu ikaanza kulala usiku: jioni naiacha imesimama vizuri, asubuhi naikuta imekaa makalio, nyuma imeshuka vidole kadhaa chini ya TX ya jirani. Unawasha, kompresa inalalamika weee, inapanda. Ndipo nikakumbuka kwamba kila nilipokwenda yadi nilikuta gari inanguruma. Kila mara! "Tunapasha injini bosi." Kumbe wanapasha makalio.

Kwa hiyo mnaotaka TZ-G, sikilizeni. Nendeni asubuhi na mapema bila kupiga simu. Iwe imelala usiku mzima imezimwa. Pimeni nyuma kabla ya kuwasha, washeni, pimeni tena. Ikipanda kwa kiasi unachokiona kwa macho, maputo yanavuja, na hapo bei ishuke au muondoke zenu.

Mafundi nao wasijifiche nyuma yangu. Nilipopeleka gari, fundi wa kwanza akasema "toa upepo weka springi". Sawa, wazo si baya, wengi wanafanya na gari inatembea. Nikamuuliza springi ya gari gani, ya petroli au ya dizeli, ya siti tano au saba? Akanijibu "springi ni springi". Hapana mkuu, springi si springi! Inategemea uzito inaobeba. Ukiweka ngumu kwenye gari nyepesi nyuma inasimama kama nzige. Ukiweka laini na familia ikapanda na mizigo ya Krismasi, umerudi kule kule kwenye LO. Isitoshe kompyuta ya saspensheni inabaki inatafuta maputo ambayo hayapo, na taa inakuwashia kwenye dashibodi mpaka mtu anayejua aishughulikie.

Tena TZ-G ya 150 ina KDSS, ile mifumo ya mafuta kwenye stabilaiza (vyuma vinavyozuia gari kulalia upande kwenye kona) za mbele na nyuma. Ina valvu zake kwenye chasisi. Ukibadilisha springi bila kuzilegeza kwa utaratibu gari ikae sawa, ukazikaza baadaye, unaweza kutoka gereji gari imelalia upande mmoja. Utarudi, utaambiwa springi feki, utanunua nyingine, bado imelala. Wapo wanaohangaika na hilo sasa hivi na hawajui.

Na wale wa spesa. Fundi wa mashine anachonga nailoni ya sentimita tano, inawekwa juu ya shokapu ya mbele, mteja anaambiwa gari itapanda sentimita tano. Shokapu ya mbele haijafungwa kwenye gurudumu, imefungwa katikati ya mkono wa chini. Kwa hiyo spesa ya juu inazaa karibu mara mbili yake pale kwenye tairi. Tano inakaribia kuwa kumi! Draivushafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele) zinakaa mshazari, buti (mipira inayofunika viungio vyake) zinachanika, grisi inaruka, alaimenti haikubali, tairi zinaliwa upande mmoja. Halafu nyuma difu iko wapi? Palepale.

Ukitaka difu ya nyuma ipande kweli, njia ni tairi. 265/70R17 ina kipenyo cha karibu milimita 803, yaani difu inapanda milimita 13. Ndiyo, kumi na tatu tu, unene wa kidole. Lakini ni kumi na tatu za kweli, na huhitaji TZ-G kuzipata.

Kwa wanaotaka kulinganisha gari mbili bila kelele, pimeni hivi. Sehemu tambarare kabisa, msipimie sheli maana sakafu zao zimeinamishwa maji yatiririke. Upepo wa tairi uwe sawa. Sukumeni gari mbele na nyuma kidogo ikae. Shusheni tepu wima kutoka ukingo wa fenda hadi katikati ya rimu, pembe zote nne: hicho ni kimo cha saspensheni, tairi halimo. Kisha pimeni kutoka ardhini hadi chini ya difu: hapo tairi ndiyo kila kitu. Ni namba mbili tofauti na wauza magari wanazichanganya makusudi.

Najua atatokea mtu hapa aseme "mbona Jeep Wrangler kila aina ina kimo chake?" Ni kweli. Wrangler JL ilipotoka, Marekani wakaandika Sport inchi 9.7 na Rubicon 10.8, wazi kabisa kwenye karatasi. Na sehemu ya tofauti hiyo ni tairi, maana Rubicon inavaa 285/70R17 wakati Sport ya kawaida ina 245/75R17. Ila hata huko kuna mtego: fenda za Rubicon zimepandishwa juu zaidi, kwa hiyo ukipima fenda hadi rimu utaiona imeinuliwa kuliko ilivyo. Angalau wao wamechapisha namba mbili. Hizi Prado zetu namba ni moja, na hizo nyingine zinatungwa yadi.

Simwambii mtu asinunue TZ-G. Inatulia barabarani, inabeba mzigo bila kukaa makalio ikiwa nzima, ukiwa na trela utaipenda. Iuzeni kwa hayo. Na kwenye tangazo andikeni maputo ni ya asili au yamebadilishwa, KDSS inafanya kazi au imezibwa, tairi ni saizi gani. Mwenye yadi anayebisha aje hapa na tepu, tupime hadharani TX na TZ-G zake mwenyewe, injini zimezimwa tangu jana yake.

Wenye TXL ya dizeli siti saba wekeni vipimo: fenda hadi rimu pembe nne, ardhi hadi difu, saizi ya tairi na kama tangi lilikuwa limejaa. Za petroli ninazo tayari.