Ada za mawakili Kenya: kiwanja, ajali, mirathi na kesi ya madai hutozwaje?

Mweka Hazina – Likoni

Hamjambo wanajamvi. Natayarisha maelezo ya ukurasa mmoja kwa wanachama wa chama chetu cha akiba, maana kila mkutano swali la mawakili linazuka. Nahitaji majibu ya kisheria, si ya kijiweni.

1. Kiwanja cha shilingi milioni 3.2 huko Kilifi. Wakili mmoja anataka 64,000, mwingine 20,000. Nani yuko sawa?
2. Kesi za ajali: "usilipe chochote, tukishinda nachukua asilimia 30". Inaruhusiwa?
3. Mirathi: bei zinapishana sana na hakuna anayeeleza kwa nini.
4. Ukishinda kesi ya madai ukapewa gharama, je, pesa uliyomlipa wakili wako inarudi yote?

Shukrani.

---

KaraniWaMahakama

Nianze na la kiwanja kwa kuwa hilo ni hesabu tupu.

Ada za mawakili Kenya hazipangwi sokoni kama bei ya nyanya. Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, na viwango vinavyotumika vilirekebishwa mwaka 2014. Jedwali la 1 linahusu ununuzi na uuzaji wa ardhi: kwa mali isiyozidi milioni 5, ada ni asilimia 2 ya bei, na haiwezi kushuka chini ya 35,000. Asilimia 2 ya milioni 3.2 ni 64,000. Wakili wa kwanza amesoma jedwali. Kama amesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ataongeza asilimia 16, yaani 10,240, jumla 74,240. Mwulizeni mapema kama 64,000 ni pamoja na VAT au bila, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa kwanza huanzia.

Huyo wa 20,000 anavunja sheria. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinamfanya wakili anayejitangaza kufanya kazi chini ya kiwango kuwa mkosaji, na kifungu cha 46 kinabatilisha makubaliano ya ada iliyo chini ya kiwango. Wateja wengi huliona hili kama tatizo la wakili peke yake. Sivyo. Kama makubaliano ni batili, karatasi yako ya 20,000 haikulindi siku mtakapokosana naye akaleta bili ya kiwango kamili. Na mara nyingi bei hiyo ni ya kuandika mkataba tu: hakuna kupekua hati kwenye masjala ya ardhi, hakuna kufuatilia kibali, hakuna kusajili uhamisho. Mnunuzi anabaki na mkataba wenye mihuri mizuri na hati bado ina jina la muuzaji.

Kisha tofautisheni ada na gharama za nje. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 nje ya mji, kwa hiyo kiwanja hicho hicho kinaweza kudai 128,000 au 64,000 kutegemea kiliko, na hukadiriwa kwa thamani atakayotoa mthamini wa serikali kama inazidi bei yenu. Pesa hiyo ni ya KRA, mamlaka ya mapato, si ya wakili. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni mzigo wa muuzaji. Kama ni ardhi ya kilimo kuna kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lake lisipopelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba, mkataba unakuwa batili. Wakili akikuandikia "jumla 200,000" kwa mstari mmoja, mrudishie akugawie.

---

Binti Sheria

Nichukue la ajali na la nne, yanashikana.

Asilimia 30 ya "tukishinda": kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba makubaliano ya wakili wa kesi kulipwa pale tu mteja anaposhinda ni batili. Yanafanyika kila siku, najua, hasa kesi za matatu na bodaboda, lakini mtu akiyapeleka mahakamani hayasimami. Marekani mtindo huo ni halali na watu wameuona kwenye televisheni wakadhani ni wa dunia nzima. Hapa ada ya kesi hupimwa kwa jedwali, mshinde msishinde. Kinachoruhusiwa ni wakili kukubali kulipwa baadaye, au kwa awamu. Kuahirisha malipo hakuvunji sheria. Kuyafunga kwenye ushindi ndiko kunakovunja.

Sasa hesabu. Mahakama za hakimu zina Jedwali la 7, Mahakama Kuu ina Jedwali la 6. Nichukue mfano wa Mahakama Kuu: deni la milioni 24 ambalo mdaiwa amelipinga. Ada ya maagizo, yaani ya wakili kupokea kazi na kuiendesha kesi, kwa milioni 1 ya kwanza ni 120,000. Milioni 19 zinazofuata ni kwa asilimia 2, yaani 380,000. Ukifika milioni 20 una 500,000. Milioni 4 zilizobaki ni kwa asilimia 1.5, yaani 60,000. Jumla 560,000. Kesi ikishathibitishwa kuwa tayari kusikilizwa huongezwa ada ya matayarisho, isiyopungua theluthi moja ya hiyo: 186,667. Tuko 746,667 kabla ya kuhesabu siku za kufika kortini, nakala na barua, ambavyo vina viwango vyake vidogo vidogo.

Hiyo 746,667 ndiyo anayolipa aliyeshindwa kumlipa aliyeshinda. Lakini bili ya wakili kwa mteja wake mwenyewe, Sehemu B ya jedwali hilo hilo, huongezwa nusu: 1,120,000. Kwa hiyo jibu la swali lako la nne ni hapana. Katika mfano huu umeshinda, umepewa gharama, na bado 373,333 ni zako, VAT mbali. Naibu msajili wa mahakama, ambaye ndiye anayekadiria bili, anaweza kupandisha au kushusha ada ya maagizo kwa kutazama ugumu wa kesi na muda uliotumika, ila jedwali ndilo pa kuanzia.

Thamani ya kesi hutoka wapi? Kwenye maandishi ya madai, au hukumu, au maafikiano. Mahakama ya Rufani ilishalikata hilo katika Joreth dhidi ya Kigano mwaka 2002, na ikasema pia kwamba ada ya maagizo hutozwa mara moja tu, haijali kesi imefika hatua gani. Watu hushangaa: mmesuluhisha mwezi wa pili tu, mbona ada nzima? Ndiyo maana. Na ndiyo maana kudai milioni 50 "ili tupate angalau 10" ni ujinga wa gharama. Dai likiwa na tarakimu kubwa na likafutwa, bili za pande zote mbili zitapimwa kwa tarakimu hiyo.

Narudi kwenye ajali. Bima ikilipa, hundi au uhamisho wa pesa kwa kawaida huingia akaunti ya wateja ya wakili. Ombeni vitu vitatu kwa maandishi: nakala ya hukumu au maafikiano, nakala ya hati ya kukubali malipo mliyoitia sahihi, na taarifa inayoonyesha fidia kando na gharama kando. Gharama zile alizolipa upande wa pili ni za mteja, na hupunguzwa kwenye bili yake. Mchezo wa kawaida ni huu: wakili anabaki na gharama zote kimya kimya, kisha anakata asilimia 30 ya fidia juu yake. Amelipwa mara mbili.

---

Mzee wa Faili

Binti Sheria kasema yote ya kesi. Nitie la mirathi.

Bei zinapishana kwa sababu kila wakili anapiga bei ya kipande tofauti cha safari ileile, na mteja anadhani wote wanauza kitu kimoja. Vipande ni hivi: kukusanya karatasi (barua ya chifu, cheti cha kifo, ridhaa za warithi) na kufungua ombi; tangazo kwenye Gazeti Rasmi na siku 30 za pingamizi; kupewa barua za usimamizi, yaani kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu; kisha, baada ya miezi 6, ombi la kuthibitisha mgawanyo; na mwisho kwenda masjala ya ardhi kubadilisha hati kutoka jina la marehemu hadi majina ya warithi. Aliyekupigia bei ndogo mara nyingi anaishia kwenye barua za usimamizi. Familia inafurahi, inafunga faili, na baada ya miaka hati bado ni ya babu. Uthibitisho na uhamisho wa hati vitadai ada nyingine. Muulize wakili swali moja tu: "Bei hii inanifikisha kwenye hati yenye jina langu?"

Jambo la pili ni pingamizi. Bei zote za mirathi huchukulia kwamba warithi wamekubaliana. Ndugu mmoja akipinga, hiyo imekuwa kesi, na ada inabadilika. Andikeni kwenye makubaliano ada ya hali zote mbili, ya kukubaliana na ya kupingwa, tangu mwanzo.

La tatu, wakili anayetaka kulipwa kwa kipande cha shamba lenyewe. Kataeni. Sheria hairuhusu wakili kununua haki ya mteja ndani ya kesi anayoiendesha, na kifungu ni hicho hicho cha 46. Hata wakili akiwa mwema, mnampa mtu sababu ya kutaka mgawanyo uende upande fulani.

Mali isiyozidi milioni 20 inaweza kwenda kwa hakimu mkuu, hakuna haja ya Mahakama Kuu. Na kwa Waislamu, warithi wote wakikubali, Mahakama ya Kadhi ipo, na familia nyingi huenda wenyewe bila wakili. Mombasa na Kilifi hilo si geni.

---

Mweka Hazina – Likoni

Nashukuru sana, mmenipa zaidi ya ukurasa mmoja. Na kesi zisizo na thamani ya pesa je? Jinai, talaka. Na mwanachama aliyefutwa kazi.

---

KaraniWaMahakama

Jinai na talaka hazina milioni za kupigia asilimia, kwa hiyo wengi hupatana kitita. Katika jinai gaweni kwa hatua: kujibu mashtaka na dhamana, kusikilizwa kwa upande wa mashtaka, utetezi, rufaa. Kitita kisicho na hatua kinaisha siku ya dhamana na mteja anaambiwa aongeze. Pesa taslimu ya dhamana ni amana ya mahakama. Risiti itoke kwa jina la aliyetoa pesa, si la wakili wala karani wake, maana kesi ikiisha hurudishwa kwa mwenye jina. Na mkisikia "pesa ya kuona mtu", hiyo si ada wala gharama. Ni hongo, na anayeitoa naye ana kesi.

Aliyefutwa kazi: aanze kwa afisa wa leba, halipi ada. Fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mishahara 12, kwa hiyo apime ada dhidi ya kiwango hicho. Mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, kesi huenda kwa hakimu. Na madai ya pesa yasiyozidi milioni 1, mkopo usiolipwa au bidhaa, yaende Mahakama ya Madai Madogo: mtu hujisimamia, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Kuajiri wakili kwa deni la 150,000 ni kumlisha wakili.

---

Mtanga

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kama mna wanachama wenye kesi Tanzania, wasitumie hesabu hizo. Sisi tuna Amri yetu ya malipo ya mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali namba 264, na VAT ni asilimia 18. Aliyeshinda ana siku 60 tangu amri ya gharama kuwasilisha bili, zikipita anaanza kuomba kuongezewa muda. Asiyeridhika na ukadiriaji ana siku 21 kwenda kwa jaji. Na usijaze bili hewa: ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita, unapoteza gharama za shauri lenyewe la ukadiriaji. Risiti za matumizi lazima.

---

Mweka Hazina – Likoni

La mwisho. Mteja akiona bili ni kubwa mno afanyeje? Na wakili akikatalia faili?

---

Binti Sheria

Kwanza aombe bili yenye vipengele, kila kazi na tarehe yake. Wakili hawezi kumshtaki mteja kwa ada hadi mwezi mmoja upite tangu ampe bili. Bili ikikaa bila kulipwa baada ya mwezi huo, anaweza kudai riba ya asilimia 14 kwa mwaka, basi kunyamaza si mbinu.

Kama hakuna makubaliano ya ada yaliyoandikwa na mteja kuyatia sahihi, yeyote kati yao anaweza kuipeleka bili kwa naibu msajili ikadiriwe. Kama yapo, kwa kawaida ukadiriaji hauingii. Mteja anayeona yanamkandamiza huomba mahakama iyafute ndani ya mwaka mmoja tangu yaandikwe au miezi 3 tangu adaiwe kwa maandishi, ile itakayochelewa zaidi. Uamuzi wa naibu msajili nao hupingwa: siku 14 kumwandikia ukitaja vipengele unavyovikataa, na siku 14 nyingine tangu upate sababu zake, kwenda kwa jaji. Zikipita, hati yake ya gharama hugeuzwa hukumu.

Faili: wakili anayedai ana haki ya kushikilia hati za mteja mpaka alipwe. Lakini si ya milele. Kanuni ya 4 ya Agizo la 52 la Kanuni za Mashauri ya Madai inaruhusu mahakama kumwamuru atoe hesabu, pesa au hati, na hapo hapo ikaagiza bili ikadiriwe na mteja aweke dhamana. Kama tatizo ni pesa iliyoingia akaunti ya wateja ikapotea, nendeni Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, haitozi. Na kabla ya kumlipa yeyote hata shilingi, tafuteni jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili muone kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Aliyefanya kazi hiyo bila sifa, pesa mliyompa mnaweza kuidai kama deni la kawaida.