Hosteli ya chuo au geto la mtaani: boom litatosha wapi?

Kijana_wa_Newala: Wakuu habari. Nimechaguliwa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na mkopo nimepata. Nichukue hosteli au nipange mtaani? Kuna chumba cha 60,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Dalali anataka jibu kesho.

Hesabu_Kwanza: Mkuu, ya muhimu umeyaficha. Fedha za kujikimu umepewa zote au nusu? Chumba kipo wapi?
Tuseme umepewa zote: 10,000 kwa siku (kabla ya 2022/23 ilikuwa 8,500). Boom, yaani hiyo pesa ya kujikimu, la siku 60 ni 600,000. Toa kodi 360,000, toa ya dalali 60,000. Inabaki 180,000, yaani 3,000 kwa siku: chakula, nauli, bando. Godoro hujanunua. Hosteli hata wakikutoza 1,000 kwa siku, muhula wa wiki 17 ni 119,000.

BintiSinza: Hosteli nayo haiokotwi. Omba kwenye ARIS, mfumo wa chuo wa mtandaoni, dirisha likifunguka tu, ukipangiwa lipia namba ya malipo kabla haijaisha muda. Mara nyingi boom linachelewa, kwa hiyo pesa ya kuanzia itoke nyumbani. Wanaokosa ndio wanaishia kubebana, watu wawili kitanda kimoja.

MpangajiMakini: Dalali wa "jibu kesho" mkimbie. Kuna mwaka wa kwanza alimtumia dalali kodi yote kwa simu, akapewa risiti ya daftari isiyo na jina la mwenye nyumba. Kafika na begi, chumbani kuna mtu. Mwenye nyumba hajaona hata senti, dalali hapatikani, serikali ya mtaa wanauliza mkataba, hana. Onana na mwenye nyumba mwenyewe, muandikiane mbele ya mjumbe, pesa iende kwenye namba yenye jina lake. Uliza na Luku ya umeme: mita yako au ya kuchangia? Ya kuchangia, wewe mwenye taa moja unamlipia jirani friji.

KotaMpya: Boom likipanda, kodi inapanda. Serikali ijenge hosteli tu, kama zile za UDSM za 2017: majengo 20, wanafunzi 3,840.

Hesabu_Kwanza: 192 kila jengo, sawa. Mwaka huohuo zikazuka kelele za nyufa, TBA (Wakala wa Majengo) wakasema ni nafasi za kutanukia jengo. Kujenga ni kazi ndogo, bajeti ya kuzibua vyoo je?

KotaMpya: Vyoo vibovu bado ni nafuu kuliko kodi ya miezi sita.

Kijana_wa_Newala: Nimepewa zote. Nipo CoICT, ndaki ya TEHAMA. Chumba kipo Changanyikeni.

MpangajiMakini: Ungesema mapema! CoICT ipo Kijitonyama, utapanda daladala kwenda na kurudi, na 3,000 yako ndiyo hiyohiyo. Tafuta Sinza, mchange wawili.

BintiSinza: Hata hosteli za Mlimani, kampasi kuu, atapanda daladala. Na mkumbuke boom ni deni, ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara.

KotaMpya: Afadhali tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo waliifuta 2021.

Nuru_Kibondo: Naomba kudandia. Mimi nimepewa ada tu, ya kujikimu sifuri, nimekata rufaa. Nisubiri majibu ndipo nilipie hosteli?

Hesabu_Kwanza: Lipia kwanza, dada. Kwenye rufaa umeambatanisha nini?