Magemu ya zamani kwenye mashine ya kawaida: yawekwe vipi yasikwame wala yasikimbie?

KitufeMraba

Wakuu, salaam. Nataka kurudia magemu manne: GTA San Andreas, PES 2013, God of War II ya PS2 na God of War: Chains of Olympus ya PSP. Diski zake ninazo, PS2 na PSP ninazo, lakini nataka yote yakae sehemu moja.

Mashine ni kompyuta mpakato: Intel Core i5 ya kizazi cha 3, RAM GB 8 (kipande kimoja), picha ni Intel HD 4000 ya ndani, SSD, Windows 10 ya biti 64. Padi ni ya PS4, inapitia DS4Windows, programu inayoifanya Windows iione kama padi ya Xbox.

Hali ilivyo:

San Andreas linafunguka, ila mausi haigeuzi kamera, na CJ, mhusika mkuu, akiogelea ni kama yuko ndani ya uji. Kizuizi cha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) nimekizima.

PES 2013 kwenye skrini ya nje ya 75 Hz wachezaji wanakimbia kama filamu iliyoharakishwa. Kwenye skrini ya mashine yenyewe, kinyume chake, mpira unaelea.

God of War II kwenye PCSX2, emuleta (programu inayoiga mashine) ya PS2, kasi ni 100% kwenye menyu, ikifika vita inashuka hadi 65% na sauti inakatika.

Chains of Olympus bado sijaligusa.

Na padi: nikibonyeza chini mara moja, menyu inaruka hatua mbili. Nianzie wapi?

---

FremuSitini

Hayo mawili ya kwanza ni ugonjwa mmoja. Magemu mengi ya zama hizo hayapimi muda kwa saa, yanapima kwa fremu. Kila fremu inayochorwa ni hatua moja ya mchezo. Mtengenezaji aliandika hesabu zake akijua fremu zitakuwa 30 au 60 kwa sekunde, basi. Ukizipandisha, baadhi ya vitu vinaharakisha na vingine vinazubaa, kutegemea hesabu ilivyoandikwa. Kwa hiyo kwa gemu la zamani fremu nyingi si sifa. Hata Skyrim ya 2011 ina shida hiyo hiyo: ukipita fremu 60, vitu vinarushwa ovyo, na mkokoteni wa mwanzoni unaweza kupinduka.

San Andreas, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Nenda kwenye Documents, folda ya GTA San Andreas User Files, ufute faili la gta_sa.set. Humo hukaa mipangilio tu. Sevu zako ziko kwenye mafaili ya GTASAsf, hayo usiyaguse. Gemu litaunda set mpya likifunguka.

2. Weka SilentPatch, kiraka cha kurekebisha hitilafu za gemu: faili la SilentPatchSA.asi na .ini yake, ndani ya folda lenye gta_sa.exe. Faili la .asi halisomwi peke yake, lazima kuwe na kipakiaji cha ASI (ASI Loader), faili linaloyasoma gemu likifunguka. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaweka kiraka, hakuna kinachobadilika, wanasema kibovu. Kiraka hiki ndicho kinachotibu mausi kwenye Windows mpya.

3. Washa Frame Limiter kwenye mipangilio ya juu ya skrini. Kizuizi hicho cha gemu huishia karibu na fremu 25, na macho yanaliona hilo. Ukitaka 30 kamili, kizime, kisha fungia gemu kwenye 30 kwa RivaTuner Statistics Server, yaani RTSS, programu ya kuzuia fremu. CJ ataogelea kama binadamu. Ukisisitiza fremu 60, kuna modi (nyongeza ya mashabiki) ya Framerate Vigilante inayorekebisha hesabu nyingi, lakini anza bila hiyo.

4. Mausi ikigoma bado, angalia kama umechagua padi kwenye mipangilio ya vidhibiti. Gemu hili likiwa kwenye hali ya padi linaipuuza mausi.

Kama nakala yako ni ya Steam na unataka modi, jua kwamba modi nyingi zimeandikwa kwa toleo la 1.0, hivyo utalazimika kulishusha toleo. Sevu za Steam za baada ya sasisho la 2014 hazifunguki kwenye 1.0. Amua kabla hujafika San Fierro, mji wa katikati ya gemu, si baada.

PES 2013: weka skrini ya nje kwenye 60 Hz ndani ya Windows, au fungia pes2013.exe kwenye 60 kwa RTSS. Ule mwendo wa kuelea ni upande wa pili wa shilingi: mashine ikishindwa kufikisha 60, gemu haliruki fremu, linachelewesha mchezo wenyewe. Fungua settings.exe, shusha hadi 1280×720 na ubora wa kati au wa chini.

---

ChipuYaNdani

Naongezea kwa FremuSitini, maana kuna kitu amekipita. HD 4000 kwa PES 2013 ya 720 isingetakiwa kuelea hata kidogo. Tatizo liko kwenye maneno mawili aliyoandika mwenye mada ndani ya mabano: kipande kimoja.

Kadi ya ndani haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya mashine, na kasi ya kukopa inategemea njia ngapi ziko wazi. Kipande kimoja, njia moja. Vipande viwili, njia mbili, na upana unakuwa maradufu. GB 4 mbili zinaishinda GB 8 moja kwenye magemu, ingawa jumla ni ile ile. Mashine za kizazi cha 3 hutumia DDR3 SODIMM, na kuna za volti 1.5 na za volti 1.35, yaani DDR3L. Soma maandishi kwenye kipande kilichomo, chukua chenye kasi na volti ile ile. Ukishakiweka, fungua CPU-Z (programu ya kuonyesha vifaa vya mashine), ukurasa wa Memory, uone kama inaonyesha njia mbili. Ikionyesha njia moja, kipande hakijakaa sawasawa au nafasi moja imekufa.

Kabla ya kununua chochote, pima hili: chaja imechomekwa? Kwa betri, mashine nyingi zinajibana zenyewe hata ukiweka mpango wa nguvu kubwa.

Na jifunze kusoma namna inavyokwama. Ikikwama tangu mwanzo, uwezo ndio mdogo. Ikienda vizuri dakika 15 au 20 ndipo inachoka, ni joto: vumbi kwenye feni au grisi ya prosesa iliyokauka. Ikikwama kidogo kila unapoingia eneo jipya kisha inatulia, ni upakiaji tu.

---

TabakaMbili

Nichukue God of War II, maana hilo ndilo gumu kati ya hayo manne.

Kwanza nakala. Gemu hili liko kwenye diski ya tabaka mbili, ISO yake (nakala ya diski nzima kwenye faili moja) inazidi GB 4 kwa mbali. Flashi ya FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4. Kunakili kukigoma mwishoni, usilaumu diski, umbiza flashi kuwa exFAT. Kutoa ISO, ImgBurn inatosha kama kisoma-DVD chako ni kizima. Kisha ibane iwe CHD, ISO iliyobanwa, kwa programu ya chdman ili usijaze SSD:

`chdman createdvd -i gow2.iso -o gow2.chd`

PCSX2 inaisoma CHD moja kwa moja, huhitaji kuifumua. Magemu machache ya PS2 yaliyotoka kwenye CD hutumia createcd pamoja na faili la .cue. Ukichanganya amri hizi, gemu linaweza kugoma kufunguka. BIOS, programu ya kuanzishia PS2 ambayo PCSX2 inaihitaji, unaitoa kwenye PS2 yako mwenyewe.

Sasa kasi. Usianze kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha. Washa kwenye skrini maelezo ya matumizi ya CPU na GPU, ingia kwenye vita inayokwama, usome:

EE (kazi ya kuiga prosesa kuu ya PS2) ikiwa karibu na 100%, prosesa ndiyo imezidiwa na kazi kuu. Washa MTVU, inayohamishia sehemu ya kazi ya EE kwenye uzi mwingine wa prosesa; i5 yako hata kama ni ya kiini mbili zenye nyuzi nne itafaidika. Bado haitoshi, shusha EE Cycle Rate hadi 75%.

GPU ikiwa karibu na 100%, shusha mwonekano wa ndani (Internal Resolution) hadi ule wa asili, na Blending Accuracy, usahihi wa kuchanganya rangi, isizidi Basic.

GS (kazi ya kuiga chipu ya picha ya PS2) ikiwa juu na GPU iko chini, hapo kushusha mwonekano hakusaidii sana, kwa sababu GS nayo ni uzi wa prosesa. Hili linawachanganya wengi.

Kichoraji chagua Direct3D 11. HD 4000 kwenye Windows haina draiva ya Vulkan, hivyo ushauri wowote unaoanza na "weka Vulkan" uupite tu. Mipangilio yote iweke kwa gemu hilo peke yake: bofya kulia, Properties. Ukibadilisha kwa ujumla, utakayoyaharibu ni magemu mengine yaliyokuwa yanaenda vizuri.

---

KitufeMraba

Shukrani wakuu, San Andreas na PES yamekaa sawa. God of War II kwenye vita inasoma hivi: EE 98%, GS 55%, GPU 70%. Mwonekano ni 2x. Nishushe uwe 1x?

---

TabakaMbili

Hapana, usiguse mwonekano, kadi bado ina pumzi. Namba zako zinasema EE. MTVU kwanza, pima tena, ndipo Cycle Rate 75%.

Ukishusha Cycle Rate utaona jambo la ajabu: PCSX2 inaandika 100% na sauti imetulia, lakini mwendo wa Kratos, shujaa wa gemu, si laini kama zamani. Hiyo si hitilafu. God of War II haijafungwa kwenye fremu moja maalumu: inachora kadiri inavyoweza. PS2 "dhaifu" kidogo inachora fremu chache, ila saa ya mchezo inabaki sahihi. Gemu lililofungwa kwenye 60 halisamehe hivyo, lingekwenda polepole tu. Ndiyo maana mpangilio mmoja unasifiwa kwa gemu hili na kulaaniwa kwa jingine.

EE Cycle Skip iache sifuri. Inaficha tatizo kwa kuruka kazi, na mikwaruzo ya picha huanzia hapo.

---

GumbaKwaGumba

Chains of Olympus ndilo rahisi kuliko yote. PPSSPP, emuleta ya PSP, haihitaji BIOS. Diski ya UMD haiingii kwenye kompyuta, kwa hiyo PSP yako iwe na mfumo maalumu (custom firmware), ufungue menyu yake, kwenye USB Device uchague UMD Disc, kisha uunganishe waya. UMD itaonekana kama faili la ISO, lisogeze.

Direct3D 11, mwonekano 2x, ambao ni 960×544. Mpangilio wa kuruka fremu (Frame skipping) uzime. Kasi ya CPU ya PSP iache sifuri, yaani ijichagulie. Watu hupenda kuandika 333 kwa sababu gemu hili ni miongoni mwa ya kwanza kutumia 333 MHz badala ya 222, lakini gemu lenyewe linaomba hiyo 333, huna haja ya kulisaidia.

Kuhusu padi: menyu inaruka mara mbili kwa sababu gemu linaona padi mbili, ile halisi na ile ya Xbox 360 ambayo DS4Windows imeiunda. Weka HidHide, programu ya kuficha padi isionwe na magemu, iruhusu DS4Windows, ufiche padi halisi, uchomoe na kuchomeka tena. Kama Steam iko wazi, zima na huduma yake ya padi za PlayStation, la sivyo utapata ya tatu. San Andreas ongezea modi ya GInput, inakupa mpangilio wa vitufe wa PS2.

---

KitufeMraba

Padi imepona. La mwisho: naona wengi wanatumia sevu za papo hapo (save states) za emuleta tu. Kuna ubaya?

---

TabakaMbili

Zitumie kurudia bosi, usizitegemee kumaliza gemu. Sevu ya papo hapo ni picha ya emuleta nzima ilivyokuwa sekunde ile. Ukisasisha PCSX2, inaweza isifunguke kabisa. Memori kadi haina shida hiyo: ni faili la Mcd001.ps2 ndani ya folda la memcards, MB 8, nakili popote. Kwa PPSSPP ni folda la PSP/SAVEDATA.

Kosa jingine ni kusevu kwenye memori kadi, kisha kesho yake kufungua sevu ya papo hapo ya juzi. Emuleta inarudisha hali ya juzi, gemu linaamini kadi ni ile ya juzi, ukisevu juu yake unafuta ya jana. Na ukibadilisha diski ya Ulaya kwa ya Marekani, kadi haitaonyesha sevu zako, kwa kuwa kila moja ina namba yake ya utambulisho.