Programu zipi za kufuta kwenye HP iliyotumika, na zipi za kuacha?

Mkazi wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta mpakato ya HP iliyotumika, imenunuliwa hapa Dodoma mjini: RAM GB 4, diski ya kuzunguka GB 500, Windows 11. Ikiwashwa inachukua dakika nne mpaka itulie. Kwenye orodha naona McAfee, magemu, za HP chungu nzima, na Microsoft Visual C++ zaidi ya kumi. Zipi nifute, na zipi nikigusa nitajuta?

Fundi wa Sabasaba
Mkuu, usifute kitu kabla hujatengeneza pa kurudia. Bonyeza Start, andika "restore point", chagua diski C, washa ulinzi kwenye Configure kama umezimwa, kisha bonyeza Create.

Halafu kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, ifunguke orodha ya programu. Soma safu ya Publisher (mtengenezaji), usiishie kwenye jina. Hizo Visual C++ ni maktaba za faili ambazo programu nyingine huzitegemea, ziache zote. Zinaonekana kama zimejirudia, lakini toleo la 2010 halifanyi kazi ya la 2013, na kuna za x86 (biti 32) na za x64 (biti 64). Ukifuta ya 2010, programu inayoitegemea itagoma kufunguka ikidai MSVCR100.dll haipo. Isitoshe hazijiwashi zenyewe, kwa hiyo si hizo zinazokuchelewesha. Dreva (programu za kuendesha vifaa) za Intel, Realtek na Synaptics, pamoja na WebView2 ambayo programu nyingine huitumia kuonyesha kurasa za wavuti, nazo usiziguse.

McAfee ya majaribio iliyokwisha muda ndiyo ya kuanza nayo. Ifute, zima na uwashe. Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, itashika zamu. Thibitisha ndani ya Windows Security. Antivairasi mbili zikikaa pamoja hugombania kila faili, na diski ya kuzunguka haina ubavu huo.

Binti wa Kisasa
Nyongeza kwenye za HP, maana wengi hufagia zote. JumpStart na magemu ya WildTangent, futa. HP System Event Utility au Hotkey Support, acha: ukiitoa, baadhi ya vitufe maalumu vya juu vinakufa. Support Assistant inakuletea BIOS (programu ya msingi inayoiamsha kompyuta) na dreva mpya, mimi ningeiacha ila nisiiruhusu kujiwasha. Ctrl+Shift+Esc ifungue Task Manager, nenda Startup apps, bonyeza Disable. Unayoitilia shaka ifanyie hivyo wiki nzima. Kisipogoma kitu, ifute.

Solitaire na wenzake huwaoni appwiz.cpl. Wafuate Settings, Apps, Installed apps.

Ila dakika nne haziondoki kwa kufuta tu, ndugu. Kama diski yako ni ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, badilisha uweke SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya umbo hilohilo, tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Mkazi wa Nkuhungu
Asanteni sana. Na OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft? Inanimalizia bando la simu.

Fundi wa Sabasaba
Hapo nenda taratibu. Faili zenye alama ya wingu hazimo kwenye diski yako, ziko mtandaoni. Bofya kulia folda, chagua "Always keep on this device", subiri tiki ya kijani, nakili kila kitu nje ya OneDrive. Kisha kwenye mipangilio yake simamisha hifadhi ya Desktop na Documents, ndipo uifute. Ukitaka kubaki nayo, fungua sifa za Wi-Fi ya simu yako, washa Metered connection (mtandao wa bando lenye kikomo). OneDrive itasimama yenyewe kila ukiwa kwenye bando.