Miezi kumi ya kuzunguka dunia baada ya chuo: tiketi moja au kipande kipande?

mhitimu_10
Habari za humu wakuu. Kati ya kumaliza chuo na kuanza kazi nina miezi kumi, kuanzia Septemba. Mpangilio wa sasa ni India, Nepal, Thailand, New Zealand, Peru, halafu namalizia Ulaya mwezi Juni. Bajeti ni ya mwanafunzi na pasi yangu inadaiwa viza karibu kila mahali. Nikate ile tiketi moja ya kuzunguka dunia au ninunue safari mojamoja? Nielekee mashariki au magharibi? Na viza na chanjo nizianze lini?

ramani_na_dira
Kabla ya kugusa tiketi, geuza mpangilio. Ulaya ukiiweka mwisho itakukwamisha. Ombi la viza ya Schengen (moja kwa nchi nyingi za Ulaya) halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo viza ya Juni huwezi kuiomba kabla ya Desemba, na Desemba wewe utakuwa njiani. Ubalozi unataka uombe katika nchi unayoishi kihalali. Anayepita kama mtalii hulazimika kueleza kwa nini hakuomba kwao, na maelezo ya "nilikuwa safarini" ni dhaifu. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, unaweza kufika 45, na huwezi kuvuka mpaka wakati pasi imebaki kwao.

Kwa hiyo Ulaya iwe Septemba, uiombe ukiwa bado nyumbani. Zingatia ukomo wa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000.

Baada ya hapo fuata majira. Nepal Oktoba na Novemba, mvua zimekatika na milima iko wazi. India Desemba. Thailand Januari, pwani ya Andaman ikiwa kavu. New Zealand Februari na Machi, kiangazi chao hicho. Peru isogeze hadi Mei: Januari hadi Machi ni miezi ya mvua kwenye Andes, na njia ya miguu ya Inca, ya kwenda Machu Picchu, hufungwa Februari yote. Aprili kaa Chile.

Ukiitazama ramani utaona yote hayo yanakwenda mashariki, basi swali lako la pili limejibiwa na hali ya hewa. Ni kweli mwili hutaabika zaidi saa zinaposogezwa mbele, ila kwa mtu anayekaa wiki kadhaa kila kituo jambo hilo halina uzito.

kaunta_namba_nne
Kuhusu tiketi. Za kuzunguka dunia huuzwa na miungano ya mashirika ya ndege, kama oneworld na Star Alliance. Ya oneworld, iitwayo oneworld Explorer, hupigiwa hesabu kwa idadi ya mabara, ya Star Alliance kwa maili, ukomo ukiwa 39,000. Zote mbili zina vipande (safari mojamoja za ndani ya tiketi) visivyozidi 16 na uhai wa mwaka mmoja. Unavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, kwa mwelekeo mmoja, na unarudi nchi uliyoanzia. Bei hutegemea nchi ya kuanzia, kwa hiyo linganisha.

Yanayowaumiza watu ni haya. Ukitoka mji mmoja hadi mwingine kwa basi katikati ya tiketi, kipande hicho nacho huhesabiwa. Usipotokea kwenye ndege bila kutoa taarifa, vipande vyote vinavyofuata hufutwa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kubadili tarehe kwa kawaida hakuna ada nafasi ikiwepo, lakini kubadili njia kuna ada na nauli hupigiwa hesabu upya. Tena mashirika hufungua viti takriban miezi 11 mbele tu. Ukinunua Juni, safari ya kurudi ya Juni inayofuata haitakuwa imefunguliwa: weka tarehe ya mbali kuliko zote iliyopo, uisogeze baadaye.

Faida yake kwa mwenye pasi kama yako ni moja lakini nzito: inathibitisha kwamba una safari ya kuondoka. Mwenye tiketi ya kwenda tu anaweza kuzuiwa kaunta hata kama viza anayo.

pwani_hadi_pwani
Mimi nitatofautiana kidogo na kaunta. Kwa njia hii hasa, kinachoamua ni Pasifiki ya kusini. LATAM, shirika la Amerika Kusini linaloruka Auckland (New Zealand) hadi Santiago (Chile), ilitoka oneworld mwaka 2020. Ukibaki na oneworld utarudi Sydney upande Qantas, shirika la Australia, na huenda ukahitaji viza ya kupita Australia (haina ada, lakini huombwa mapema). Ukiwa na Star Alliance njia ya kawaida ni kupitia Marekani, na Marekani abiria wa kupita naye hupita uhamiaji, hivyo anahitaji viza hata akikaa saa mbili.

Pendekezo: kata mapema safari ndefu tatu tu, yaani kwenda Ulaya, Auckland–Santiago, na ya kurudi kutoka Lima. Ndani ya Asia nunua papo hapo, kwa kuwa mashirika ya bei nafuu hayamo kwenye miungano hiyo. Usiunganishe tiketi mbili tofauti siku moja: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji wala nauli hairudi. Na mzigo ukilazimika kuuchukua mwenyewe kati ya ndege hizo, unaingia nchi hiyo, kwa hiyo viza inahitajika.

Ukitoka Auckland unafika Santiago tarehe ileile, saa za mapema kuliko ulipoondoka. Weka nafasi ya kulala kwa tarehe hiyo, si ya kesho yake.

mhitimu_10
Asanteni sana, Ulaya nimeihamishia Septemba. Chanjo je?

sindano_kwanza
Anza miezi 6 au 7 kabla, kwa sababu ya homa ya ini B: dozi tatu, mwezi 0, 1 na 6. Kichaa cha mbwa ni mbili, siku 0 na 7. Homa ya ubongo ya Kijapani ni mbili, zikitenganishwa siku 28. Homa ya manjano ni sindano moja. Cheti huanza kutumika siku 10 baadaye na tangu 2016 ni cha maisha. Kibebe: India huwadai waliotoka nchi zenye ugonjwa huo ndani ya siku 6, na asiye nacho huwekwa karantini.

Uhai wa pasi uvuke Desemba inayofuata safari na iwe na kurasa tupu za kutosha, maana viza za kubandika hula ukurasa mzima.

Bima isome mwenyewe. Nyingi za mwaka zina ukomo wa siku kwa kila safari moja, na nyingine hazilipi ukipanda juu ya kimo fulani. Cusco ya Peru iko mita 3,400 hivi, njia za Nepal hupita 5,000. Ukivuka 3,000, ili usiugue kwa kimo, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku.

Na namba ya simu ambayo benki hutuma misimbo, hakikisha inapokea ujumbe nje ya nchi. Ijaribu kabla ya kuondoka, si baada ya kadi kufungwa.